Nistatini ya maji kwa fangasi ya mdomo: inaponya, mradi ikae mdomoni

Kwa mtu mwenye utando mweupe mdomoni, hasa mzee au mtoto mchanga, hii ndiyo dawa ningemshauri aulizie kwanza. Nimeiona ikifanya kazi nyumbani kwangu kwa watu wawili waliopishana umri kwa zaidi ya miaka sabini: mama yangu mzazi, mwenye pumu na meno ya bandia ya juu, na mtoto wa mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Wote wawili walipona. Nimeiona pia chupa ya aina hiyohiyo ikimalizika kwa jirani bila kumsaidia chochote, na baada ya kumsikiliza alivyoitumia nikaelewa sababu. Tofauti yote ilikuwa kwenye matumizi, na matumizi ndiyo jambo ambalo maduka mengi ya dawa hapa kwetu hayakuelezi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Sina cheti cha utabibu. Ninayoyaandika ni yale niliyoyafanya kwa mikono yangu, niliyoelezwa na musawo, yaani tabibu, wa kituo cha afya, na niliyoyasoma baadaye kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani kinaingia mdomoni mwa mama yangu.

Tuanze na chupa yenyewe. Ni ndogo, ya kioo cha kahawia, na inakuja na kifaa cha kudondoshea chenye kichwa cha mpira. Ndani kuna maji mazito ya njano, matamu, yenye harufu ya matunda. Iache mezani usiku kucha, asubuhi utaikuta imejitenga: unga wa njano umetulia chini, juu maji yamebaki mepesi. Unga ule ndio dawa. Anayechota juu bila kutikisa anakunywa utamu mtupu, na anayefika chini siku za mwisho anakutana na dawa yote kwa mkupuo. Itikise kila mara, kwa nguvu, mpaka kitako cha chupa kiwe safi. Kila mililita moja inabeba yuniti 100,000 za nistatini. Hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mama yangu hawezi kuzisoma hata akivaa miwani.

Sasa huo utando. Fangasi anayeuleta anaitwa kandida, naye ni jamii ya hamira. Watu wengi wazima wa afya wanaishi naye mdomoni miaka yote bila kujua, kwa sababu mate, bakteria wengine na kinga ya mwili vinamzuia asizidi. Akipata nafasi anaongezeka. Nafasi hiyo inaletwa na mambo yanayojulikana: dawa za antibayotiki zinazoua bakteria waliokuwa wakimbana, pampu ya pumu yenye steroidi, meno ya bandia yasiyovuliwa, kisukari, mdomo mkavu, matibabu ya saratani, virusi vya UKIMWI, na kinga changa ya mtoto au iliyochoka ya mzee. Musawo alinihesabia kwa vidole, na kwa mama alikunja viwili papo hapo: pampu na meno.

Kwa mama dalili ya kwanza ilikuwa chai. Alisema ina ladha ya chuma. Nikabadilisha sufuria, nikabadilisha majani, bado chuma. Kisha akaanza kuacha pilipili, kisha akaacha mukene, wale dagaa wetu, na mwisho hata ugali ukawa unamkwaruza. Pembe za mdomo zikapasuka, zikawa nyekundu, kila akipiga mwayo anafumba macho kwa maumivu. Nilipomwomba afungue mdomo nikiwa na tochi ya simu, niliona madoa meupe mepesi kwenye ulimi na ndani ya mashavu, kama maziwa yaliyoganda. Chini ya bamba la meno hapakuwa na weupe wowote. Kaakaa lilikuwa jekundu, linang'aa, na wekundu wenyewe ulifuata ukingo wa bamba sawasawa, kama mshono. Hilo la wekundu nalitilia mkazo kwa sababu watu wanatafuta weupe tu. Kwa mvaaji wa meno ya bandia fangasi huyu mara nyingi anaonekana mwekundu.

Musawo alimpima kwa kijiti cha mbao. Aligusa doa moja taratibu, likatoka, chini yake pakabaki pekundu na tone dogo la damu. Utando wa kandida kwa kawaida unakwanguka hivyo. Doa jeupe lisilokwanguka kabisa, likakaa wiki mbili au tatu, hilo ni la kumwonyesha daktari wa meno au wa kinywa haraka, maana linaweza kuwa ugonjwa mwingine, hata mwanzo wa saratani. Tafadhali msije mkawa mnakwangua wagonjwa wenu nyumbani. Kazi ya kupima ni ya musawo, anayejua agusie wapi na kwa uzito gani.

"Jajja," akamwambia mama, "hii si ya kumeza kama dawa ya kikohozi. Ikae mdomoni, uizungushe, ifike kila kona."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uone umechoka, halafu uongeze kidogo. Ndipo umeze."

Maneno hayo mawili matatu ndiyo yaliyomponya mama. Nistatini haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana. Ukiimeza inapita tumboni na kutoka. Inamuua kandida pale inapomgusa tu: inajishika kwenye ngozi ya chembe ya fangasi, inaitoboa, na vilivyomo ndani vinavuja. Kwa hiyo dakika inazokaa mdomoni ndizo dakika za matibabu. Sindano au kidonge cha malaria unaweza kukipokea ukaenda zako, mwili ukafanya kazi yote. Hapa mgonjwa mwenyewe ndiye anayeipeleka dawa kwenye jeraha, mara nne kwa siku, baada ya kula, na baada ya hapo asile wala asinywe kwa nusu saa hivi.

Jirani yetu, mzee ninayemheshimu sana, alinunua chupa yake kwenye duka moja la dawa mjini. Muuzaji alimpa bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu: 1x4. Basi. Mzee akawa anafungua mdomo, anadondoshea nyuma ya ulimi kwa sababu hapendi utamu, anameza mara moja, anashushia na chai. Alimaliza chupa, utando ukabaki, naye akatangaza kwa kila mtu kwamba dawa ilikuwa feki. Iliniuma kusikia hivyo. Alitoa pesa yake kwa uaminifu, akafuata maandishi aliyopewa, na hakuna mtu aliyetumia hata dakika moja kumweleza. Muuzaji wa dawa anayeandika 1x4 na kugeukia mteja mwingine amemuuzia mzee wa watu nusu ya dawa.

Kuhusu kipimo, sitaandika cha mtu mzima hapa, kwa sababu vipimo vinapishana kulingana na hali ya mgonjwa na mama alipewa chake baada ya kupimwa. Yapo pia matembe ya nistatini ambayo mtu mzima anatafuna kwanza kabla ya kumeza, kwa sababu ileile ya kugusa mdomo. Kitu kimoja ni cha wote: usiache siku unapoona pamesafika. Inatakiwa kuendelea angalau siku mbili baada ya dalili kuisha, na mara nyingi dozi nzima inafika siku kumi au wiki mbili. Mama alianza kuonja chai yake vizuri kabla wiki ya kwanza haijaisha, na hapohapo akataka kuiweka chupa kabatini "kwa ajili ya siku nyingine". Nilimkatalia.

Lakini chupa peke yake isingetosha, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mama alikuwa analala na meno yake. Sababu aliniambia siku ile tukiwa tumerudi kutoka kituoni, akiwa amekaa kitandani: hakutaka wajukuu waamke wamkute hana meno. Sikuwa na la kumjibu kwa haraka. Hata hivyo bamba la plastiki lililokaa mdomoni usiku na mchana ni makao mazuri kwa kandida. Anajishikiza kwenye plastiki yenyewe, anajenga utando, na kila unapotibu kaakaa bamba linampandikiza upya. Tena ukiweka dawa mdomoni huku bamba limevaliwa, dawa inazunguka kote isipokuwa pale palipougua. Kwa hiyo meno yanatoka kabla ya kila dozi. Usiku yanatoka kabisa. Yanasuguliwa kwa mswaki na sabuni ya kawaida, ndani na nje, yanasuuzwa sana, kisha yanalowekwa kwenye dawa ya meno ya bandia kama ipo. Kwa mama nilishona kifuko cha kitambaa cha kitenge cha kufunika bakuli lake, na mlango wa chumba tukakubaliana kwamba wajukuu wagonge kwanza. Tangu hapo hajalala nayo.

Pampu nayo. Mama ana mbili: ya buluu ya kumfungua kifua akibanwa, na ya kahawia, beklometasoni, ya kila siku ya kuzuia asibanwe. Ya kahawia ndiyo yenye steroidi. Sehemu kubwa ya mvuke wake haifiki mapafuni, inagonga ulimi na koo na kukaa hapo, na pale inapokaa kinga inalegea. Wengi wakisikia hivyo wanataka kuitupa pampu. Msiitupe! Pumu inaua, na fangasi ya mdomo inatibika. Kinachotakiwa ni kusukutua mdomo na koo kwa maji kila baada ya kuvuta, na kutema. Si kumeza, kutema.

Cha pili ni chupa ya kuvutia pampu. Ile ya kununua ni ghali na haipatikani kila duka, lakini ya kujitengenezea inafanya kazi. Watafiti wa Afrika Kusini waliipima kwa watoto wenye pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999: chupa ya plastiki ya mililita 500, ikizibwa vizuri pale inapoungana na pampu, iliwasaidia watoto sawa na kifaa cha dukani. Niliitengeneza mwenyewe. Unachukua chupa ya soda ya nusu lita, unaiosha na kuikausha. Unapinda waya uwe na umbo la mdomo wa pampu, unaupasha kwenye jiko la makaa mpaka uwe mwekundu, unaubandika kwenye kitako cha chupa. Plastiki inayeyuka na kuacha tundu la umbo lilelile. Unaingiza pampu wakati plastiki bado ina joto ili zishikane, unaziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isivuje. Mgonjwa anavuta kwa upande wa shingo ya chupa, mvuke mzito unabaki ukutani mwa plastiki badala ya kubaki kwenye ulimi wake. Mama anaitumia mpaka leo, na kifua chenyewe kimekuwa bora kuliko zamani.

Onyo moja ambalo sikuliona kwenye boksi lolote: zile dawa za kusukutua mdomo zenye klorheksidini, zinazouzwa kwa ajili ya ufizi, zinagombana na nistatini. Zikikutana mdomoni zinashikana na nguvu ya dawa inapungua. Mama alikuwa na chupa moja aliyopewa zamani na daktari wa meno, na angeweza kwa nia njema kutumia zote mbili kwa pamoja. Tuliisimamisha mpaka matibabu yalipoisha. Kama umeandikiwa zote, muulize aliyekuandikia uziachanishe vipi.

Kwa mtoto kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Mdogo wangu alidhani ni maziwa. Maziwa yakibaki kwenye ulimi wa mtoto yanafutika kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, au yanaondoka yenyewe baada ya muda. Yale hayakufutika kirahisi, na yalikuwa mpaka ndani ya mashavu na midomo, naye alikuwa akinyonya kidogo anaachia analia. Alipewa mililita moja mara nne kwa siku, nusu shavu hili nusu shavu lile, polepole, baada ya kunyonya. Hapa kifaa cha kudondoshea kinafaa sana, ni bora kuliko kijiko. Sharti uangalie alama ya mililita kabla hujakamua mpira, na usikigusishe kwenye ulimi wa mtoto halafu ukakirudisha ndani ya chupa bila kukiosha.

Mama wa mtoto naye anapimwa. Chuchu za mdogo wangu zilikuwa zinawaka na kuuma kila baada ya kunyonyesha, na akapewa dawa ya kupaka. Wakitibiwa mmoja tu wanaambukizana tena. Kikombe na chochote mtoto anachotia mdomoni vinachemshwa. Kunyonyesha hakusimami.

Kuna shangazi yetu alikuja na ndimu na chumvi, akataka kumsugua mtoto ulimi kwa kitambaa mpaka weupe utoke, kama walivyofanyiwa watoto wake. Nilimwambia, "Shangazi, tunashukuru, lakini chini ya ule weupe pana kidonda." Alikubali kwa shingo upande. Mwingine alileta asali. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja kabisa, inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza mwili wa mtoto mchanga. Hilo halina mjadala.

Nikiilinganisha na dawa nyingine zinazopatikana hapa, kila moja ina mahali pake.

Ile ya zambarau, jivii (GV, yaani gentian violet), wazee wanaijua na ni rahisi kuliko zote. Inamuua kandida kweli, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa tegemeo la vituo vya afya vijijini. Lakini inachafua kila kitu, ikipakwa nzito au mara nyingi inachubua mdomo wa mtoto, na mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitoa tahadhari kuihusu kutokana na wasiwasi wa saratani. Kama nistatini ipo, sioni sababu ya kuanza na jivii. Kama haipo na kituo kimeamua kukupa, fuata kipimo chao na msirudie wenyewe.

Jeli ya mikonazoli ni nzuri sana kwa kaakaa na pembe za mdomo, kwa sababu inanata. Wengine wanaiona bora kuliko nistatini na siwapingi. Ila mambo mawili ni ya hatari. Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiiguse bila daktari kujua, maana inaweza kumsababishia kutokwa na damu vibaya, hata kama ni ya kupaka mdomoni tu. Na mtoto wa chini ya miezi minne hapewi, kwa sababu unene wake unaweza kumkaba. Jeli hii nimeona inauzwa bila swali hata moja kuulizwa.

Vidonge vya flukonazoli ndivyo vyenye nguvu. Vinapita kwenye damu, vinafika pale nistatini isipofika. Mtu akiumwa kila anapomeza, chakula kikawa kinamkwama kifuani, huenda fangasi imeshuka kwenye umio, na hapo matone ya mdomoni hayatoshi. Aende hospitali. Lakini vidonge hivi vinagongana na dawa nyingi, vinaweza kuligusa ini, na mjamzito haviandikiwi hivihivi. Kuvinunua viwili vitatu dukani kwa sababu utando umejirudia ni kuficha tatizo, na kumfundisha fangasi kuizoea dawa.

Nalisema hili la kujirudia kwa uwazi kwa sababu linawaua watu wetu. Mtu mzima asiye na pampu, asiye na meno ya bandia, asiyetoka kumeza antibayotiki, akapata utando mdomoni, anahitaji kupimwa sukari na kupimwa virusi vya UKIMWI. Fangasi ya mdomo isiyoisha ni mojawapo ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka katika hatua ya tatu ya ugonjwa huo, na ile ya kwenye umio katika hatua ya nne. Katika nchi hii ambako vizazi viwili vimezika watu kwa silimu, yaani UKIMWI, wengi wakiona weupe kwenye ulimi wa mwenzao wanajua, au wanadhani wanajua. Niliyasikia manong'ono sokoni kuhusu mama yangu. Mama wa watu, mwenye pumu tangu ujana wake! Musawo alimpima vyote viwili, sukari na virusi, kwa heshima kabisa, mlango umefungwa, na mama alikubali bila shida. Vipimo vya virusi kwenye vituo vya serikali havilipiwi. Na hata jibu lingekuwa lile wanalolinong'ona, dawa zipo na mtu anaishi. Manong'ono ndiyo yanayowafanya watu wafiche midomo yao kwa kitambaa na kuzunguka maduka kutafuta vidonge vya siri.

Nilipokuwa nasoma nilikuta dawa hii iligunduliwa na wanawake wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliofanya kazi katika idara ya afya ya jimbo la New York. Mmoja alikuwa mjini New York, mwingine Albany, na walikuwa wanapelekeana sampuli kwa posta. Kijidudu kinachotengeneza nistatini kilipatikana kwenye udongo wa shamba la ng'ombe huko Virginia, nao wakaitangaza dawa mwaka 1950. Mamilioni ya dola yaliyotokana na hakimiliki hawakuyachukua. Waliyaelekeza kwenye utafiti wa sayansi. Nilimsomea mama habari hiyo akiwa amejaza dawa mdomoni, akawa anatikisa kichwa, anashindwa kusema, na muda wa kuizungusha ukapita bila yeye kulalamika. Tangu siku hiyo ikawa desturi: wakati wa dozi namsomea kitu.

Kasoro ninazoziona kwenye bidhaa hii ni hizi. Utamu ni mwingi, na zile nilizoziona zina sukari ya kweli ndani yake. Mwenye kisukari aseme mapema, na mwenye meno yake mwenyewe apige mswaki vizuri kila siku katika kipindi cha matibabu. Baadhi ya watu inawachafua tumbo, mama aliharisha kidogo mwanzoni, ikapita. Kuikumbuka mara nne si rahisi kwa mtu anayelima au anayekwenda sokoni alfajiri, na dozi ya mchana ndiyo inayosahaulika. Chupa moja inaweza kuisha kabla ya matibabu kuisha, hasa kwa mtu mzima, na aliyekuuzia hakuambii. Na karatasi ya maelezo ingekuwa na Kiswahili na Kiganda, jirani yetu angepona.

Bei haikuwa mbaya: chupa moja nilipata kwa chini ya shilingi 10,000, na mara moja kituo cha afya kilikuwa nayo nikapewa bure. Kwa faida niliyoiona naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja ninainyima kwa ajili ya maelezo yake.

Ukienda kununua, ingia duka lenye kibali cha Mamlaka ya Dawa ya Taifa kilichobandikwa ukutani. Angalia chupa haijakaa dirishani ikipigwa jua, kifuniko hakijafunguliwa, na tarehe ya mwisho haijapita. Uliza kama wana chupa ya pili ya aina ileile, ili usihangaike katikati ya dozi. Halafu mwombe muuzaji akueleze kwa mdomo wake jinsi ya kuitumia, hata kama unajua. Akikuambia umeze tu, mwambie wewe ilivyo, kwa upole, kwa sababu baada yako anaingia mtu mwingine.